Kwa nini jina 表.TXT liliitesa DOS

Kwenye MS-DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, jina la faili lilipewa baiti 8, na kiendelezi baiti 3. Baiti, si herufi. MSHAHARA.TXT liliingia barabara, MISHAHARA.TXT lilikatwa. Mjapani alitumia usimbaji (namna ya kuandika herufi kwa namba) wa Shift-JIS, ambamo kila kanji, herufi ya Kijapani yenye asili ya Kichina, inakula baiti mbili, kwa hiyo jina lake liliishia kanji nne.

Ufinyu huo ulivumilika. Balaa lilikuwa kwenye baiti ya pili, kwa sababu nayo inaweza kuwa 5C (heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16, kama thamani zote za baiti hapa chini), namba ileile ya mkwaju wa nyuma (\) unaotenganisha folda. Skrini za Kijapani huuonyesha kama ¥, lakini namba haibadiliki. Kanji 表, yaani jedwali, ni 95 5C. Programu isiyoijua Shift-JIS ikipewa 表.TXT huona folda yenye jina la baiti moja, 95, na ndani yake faili .TXT. Inaitafuta, inaikosa, inalalamika.

Kukuza herufi, yaani kugeuza ndogo kuwa kubwa, kulileta madhara ya kimyakimya zaidi. DOS ilihifadhi majina kwa herufi kubwa, na programu nyingi zilipunguza 20 kwa kila baiti iliyo kati ya 61 na 7A bila kuuliza ni ya nani. テスト (tesuto, jaribio) ni 83 65 83 58 83 67. Likikuzwa hivyo linakuwa 83 45 83 58 83 47: ウスエ, "usue". Halina maana yoyote.

Kisha kuna E5, ambayo FAT, mpangilio wa faili kwenye diski za DOS, huitumia kama alama ya faili lililofutwa. Zipo kanji zinazoanza na E5, hivyo DOS iliandika 05 kwenye diski na kuirudisha E5 wakati wa kusoma. Kiraka, lakini kiraka safi.

Dawa ni kusoma jina tangu mwanzo. Wito wa DOS INT 21h, AX=6300h, unakupa jedwali la baiti zinazoanzisha herufi ya baiti mbili (81–9F na E0–FC); ukikuta mojawapo, ruka mbili. Usitafute mkwaju wa mwisho ukitokea nyuma: ukiiona 5C peke yake, hujui kama ni mkwaju au nusu ya kanji.

Zipu za zamani bado zimebeba baiti hizo. Kwenye Linux, programu ya convmv hugeuza majina kutoka cp932 (Shift-JIS ya Microsoft) kwenda UTF-8, usimbaji wa kisasa:

convmv -f cp932 -t utf8 -r .

Hapo inaonyesha tu itakachofanya. Ongeza --notest ndipo ibadilishe. Ikidai jina tayari ni UTF-8, basi kifungua zipu kilishaligeuza vibaya. Futa mafaili yaliyotoka, si zipu yenyewe, ufungue upya kwa unzip -O cp932, kama toleo lako lina chaguo hilo.