Je, wajua kwa nini loda ya trekta hunyanyua vizuri asubuhi na kulegea mchana?

Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, kuna mashamba ya chumvi, na trekta lenye loda, yaani mikono ya mbele inayobeba baketi, halikosi kazi huko. Asubuhi baketi inajaa na kupanda bila taabu. Ikifika saa saba, jua limeshika, mzigo uleule unafika nusu na kugoma. Hapo utasikia, "Pampu imekufa hiyo," na mwenye trekta aanze kutafuta pesa ya pampu mpya. Ngoja kwanza.

Pampu haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili inayonyanyua loda; presha huja pale oili inapokutana na uzito wa mzigo. Oili ikipata pa kutorokea, presha haipandi, hata pampu iwe mpya. Na oili ikipata moto huwa nyepesi, ikapenya sehemu zilizolika ndani ya pampu, vali au silinda. Asubuhi ikiwa nzito haipenyi sana, ndiyo maana ubovu hauonekani.

Anza na vya bei rahisi. Teremsha loda, simamisha trekta mahali tambarare, chomoa kijiti cha oili hiyo, si cha oili ya injini. Povu maana yake hewa inaingia, aghalabu kwenye paipu ya kufyonzea. Oili nyeupe kama maziwa imeingia maji. Kisha kagua filta.

Halafu angalia loda inavyokataa. Ikipanda polepole lakini mzigo ikauweza, oili haifiki ya kutosha: filta imeziba, oili imepungua au pampu imechoka. Ikienda kasi ikiwa tupu na kushindwa na mzigo, shuku vali ya kupunguzia presha, ile inayofunguka kurudisha oili presha ikizidi. Uchafu kidogo tu huizuia isifunge. Inua baketi tupu kidogo kutoka chini, zima injini: ikishuka yenyewe, silinda au vali ya kuongozea inavujisha ndani.

Geji ya kupimia presha ndiyo humaliza ubishi. Matrekta mengi yanataka presha ya kati ya bar 140 na 200. Kipimo cha lako kimo kwenye kitabu chake. Wapo mafundi wanaokaza ile vali ya kupunguzia presha kwa kukisia, bila geji. Mimi trekta langu singewapa, maana paipu ikipasuka, oili yenye presha hiyo hupenya ngozi kama sindano. Hata tundu dogo litafute kwa kipande cha kadibodi, si kwa kiganja.

Kwa trekta la chumvini, tazama pia vyuma vinavyong'aa vya silinda. Chumvi huvila vikawa na vishimo, na vishimo hivyo hukwangua sili, zile pete zinazozuia oili isivuje, kila loda inapopanda na kushuka. Vioshe kwa maji yasiyo na chumvi jioni, uvipake grisi.