Jumanne ya mechi: mgahawa jirani na uwanja unakula wapi?

Kazi yangu ni kupitia mahesabu ya migahawa. Kwa sasa mingi ninayoipitia iko Washington, Marekani, kwenye mitaa inayouzunguka uwanja wa ndani wa Capital One Arena. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo huniuliza swali lilelile: fremu iliyo jirani na uwanja ina hela kweli? Wenye baa za Kisimenti pale Kigali wana sababu ya kuuliza pia, maana tangu 2019 wana BK Arena jirani yao Remera. Jibu langu ni kwamba hela ipo, ila haipo pale wengi wanapoitafuta.

Wengi huanza na idadi ya viti. Uwanja wa Benjamin Mkapa kule Temeke unaingiza watu 60,000. Capital One Arena ni kama theluthi moja tu ya hapo. Hata hivyo, ningeambiwa nichague fremu ya mgahawa wa meza na viti, ningechagua jirani na huo mdogo bila kusita. Wizards wa mpira wa kikapu wana mechi 41 za nyumbani kila msimu wa kawaida wa NBA, na Capitals wa magongo ya barafuni wana 41 zao katika ligi yao ya NHL. Hizo ni 82 kabla hujahesabu matamasha ya muziki na mechi za Chuo Kikuu cha Georgetown, na nyingi zinaangukia kati ya Oktoba na Aprili. Siku ya Simba na Yanga muuza chipsi na mishkaki anaweza kuuza tangu adhuhuri mpaka akaishiwa, sikatai. Lakini kodi ya pango inadaiwa kila mwezi na wahudumu wanataka mshahara wao, dabi iwepo isiwepo.

Halafu kuna suala la siku yenyewe. Wenye migahawa hufurahia tamasha la Jumamosi, na mimi huwa nawaharibia furaha hiyo. Chukua mgahawa wa mfano wenye viti 80. Jumamosi usiku, katikati ya jiji, vinajaa hata uwanja ukiwa giza. Tamasha likija linabadilisha sura za waliokaa tu, pengine na kukuletea wenye haraka badala ya wale wanaoagiza chupa ya pili. Sasa chukua Jumanne ya Januari, baridi inakata masikio. Bila mechi una wateja 20. Capitals wakicheza unapata 70. Hao 50 ni nyongeza ya kweli, na kodi, umeme na mpishi mkuu ulikuwa unawalipa vyovyote vile. Ukitoa gharama ya chakula chenyewe na saa za wahudumu wa ziada, kinachobaki karibu chote ni faida. Ndiyo maana nikipokea ratiba ya msimu mpya, naanza kuhesabu Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Wikendi naziangalia mwishoni.

Kwa nini hao 50 wanaingia mgahawani badala ya kwenda moja kwa moja uwanjani? Kwa sababu ya saa mbili zilizokaa vibaya. Ofisi zinafungwa saa kumi na moja jioni, mechi inaanza saa moja usiku. Aliyetoka kazini hawezi kurudi nyumbani kwenye majimbo jirani ya Maryland au Virginia kisha ageuze. Ana njaa, ana rafiki, na hana pa kwenda. Migahawa inaishi ndani ya pengo hilo.

Timu hizi zenyewe ni ushahidi. Kuanzia mwaka 1973 kwa ile ya kikapu, na 1974 kwa ile ya magongo, zilikuwa zinacheza Landover, Maryland, kwenye Capital Centre, uwanja uliozungukwa na maegesho ya magari, kando ya barabara kuu. Shabiki alikuja na gari, akala sosej ndani, akaondoka na gari. Desemba 1997 mmiliki wao, Abe Pollin, akazihamishia katikati ya jiji, juu ya stesheni ya treni ya Gallery Place. Mashabiki hawakubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa wanatembea kwa miguu mbele ya milango ya watu wengine. Tusimpe Pollin sifa zote, lakini. Mpishi José Andrés alikuwa ameshaanza kupika kwenye mgahawa wa Jaleo, hapo jirani mtaa wa saba, tangu 1993, uwanja haujajengwa.

Pengo hilo lina adhabu yake. Simama jikoni saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni ya mechi. Mashine ya oda inatema karatasi bila kupumua, vikaango vyote viwili vimejaa mabawa ya kuku, na kuna mtu mmoja ameagiza nyama ya kuchoma inayotaka dakika 25. Nyama hiyo itachelewa, meza nzima itamsubiri, na kwenye saa kumi na mbili na nusu kila meza itanyoosha mkono kuomba bili kwa wakati mmoja. Wahudumu wanne, mashine mbili za kadi. Hapo ndipo mgahawa unapoteza hela huku umejaa pomoni. Wateja wangu huwa nawaambia wawe na menyu fupi ya siku ya mechi, isiyo na kitu kinachozidi dakika 12 jikoni, na bili ifike mezani pamoja na sahani ya mwisho. Wapishi wananuna, wanaona wameshushwa hadhi. Nawaelewa.

Saa moja kamili ukumbi unabaki na glasi chafu. Wimbi la pili huja karibu saa tatu na nusu, na hilo lina mambo yake. Timu ikishinda wanaingia, wanakunywa, wanaagiza vitu vidogo. Ikifungwa wanateremka stesheni moja kwa moja, na stesheni iko chini ya miguu yao. Kwa mwenye uwanja treni ile ni baraka tupu. Kwa mwenye mgahawa inategemea mlango wake uko upande gani. Mitaa miwili au mitatu kutoka uwanjani, kwenye njia ya wanaotoka ofisini, unavuna. Hatua zilezile upande wa pili, hakuna anayepita. Kabla hujasaini mkataba, nenda kasimame pale siku ya mechi utazame miguu inaelekea wapi.

Yapo na ya kupoteza. Wateja wa kudumu wa mtaani wanaikimbia siku ya mechi, maegesho yanapanda bei, na mwenye uwanja naye anauza chakula ndani, tena anatamani uingie mapema uwezavyo. Wachumi kama Roger Noll na Andrew Zimbalist wamesema kwa miaka mingi kwamba viwanja haviliongezei jiji zima utajiri kama wanasiasa wanavyodai, kwa sababu fedha ya burudani inahama tu kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Naamini wako sahihi. Ila mimi silipwi na jiji zima. Nalipwa na mgahawa uliopo kwenye ule mtaa ambako fedha imehamia. Na hata huko, baada ya 2020 watu walipozoea kufanyia kazi nyumbani, lile pengo la saa mbili lilidhoofika. Asiyekwenda ofisini hana haja ya kusubiri mechi mjini.

Anayekula vizuri kuliko wote ni mwenye jengo. Mtaa ukichangamka, kodi inapanda mkataba unapoisha, na faida ya zile Jumanne inahamia kwake. Pale pale pembeni ya uwanja kuna Chinatown, mtaa wa Wachina. Tao la Urafiki lililojengwa mwaka 1986 bado linasimama, lakini migahawa ya Wachina imebaki ya kuhesabika, kwa kiasi fulani kwa sababu ya kodi.

Tena mwenye timu anaweza kuondoka. Desemba 2023, Ted Leonsis, mmiliki wa sasa wa timu, alisimama na gavana wa Virginia wa wakati huo, Glenn Youngkin, kutangaza kwamba wanahamia Alexandria, ng'ambo ya mto. Simu yangu haikupoa. Mpango ulikufa Machi 2024, jiji likaahidi dola milioni 515 za kukarabati uwanja, na timu zikakubali kubaki hadi 2050. Tangu hapo, mteja wangu akileta rasimu ya mkataba wa pango jirani na uwanja wowote, nadai kifungu kimoja: timu zikihama, au idadi ya mechi ikishuka chini ya kiwango tulichokubaliana, kodi inashuka au mpangaji anaruhusiwa kutoka bila faini. Wenye majengo hukunja uso. Wakikataa kabisa, naomba kodi ya kuanzia iwe ndogo na sehemu iliyobaki ihesabiwe kwa asilimia ya mauzo, ili mwenye jengo naye awe anaulizia ratiba ya msimu.