Tenori spinto ni nani hasa, na mbona mashabiki wa opera hawaishi kubishana

Nessun dorma, ule wimbo wa opera wa tenori, unaijua hata kama hujawahi kukanyaga jumba la opera. Kombe la Dunia la 1990 kule Italia ndo liliipeleka kila mahali, sauti ya Luciano Pavarotti, halafu Julai 7 mwaka huohuo akaimba Roma kwenye magofu ya Caracalla na Plácido Domingo na José Carreras, dunia ikawabatiza Tenori Watatu. Sasa mwambie shabiki wa opera kwamba Pavarotti ndo Calaf bora kupita wote (Calaf ni yule mwana wa mfalme anayeuimba wimbo huo ndani ya Turandot, opera ya Puccini) halafu uone, utakesha. Wapo watakaokujibu kwamba Pavarotti hata sauti ya Calaf hakuwa nayo, yeye ni liriko na Calaf anataka spinto. Mgeni hapo anabaki anashangaa, spinto tena ndo nini, kwani wote si tenori?

Ni tenori wote, ila tenori hawafanani. Kwenye kwaya zetu tenori ni sauti ya tatu, wanaume wanaoimba juu, wa chini ni besi, imeisha hiyo. Kwaya haina haja ya kuchambua zaidi kwa sababu mko wengi mnabebana. Kwenye opera unasimama peke yako, maiki hakuna, mbele yako chini kuna okestra nzima, pengine na kwaya nyuma, na mtu aliyekaa kiti cha mwisho kabisa kule juu kalipa hela yake anataka akusikie, na ukumbi kama wa Metropolitan kule New York una viti karibu 3,800. Kwa hiyo wanapangwa kwa uzito wa sauti, yaani sauti ina mwili kiasi gani, rangi yake ni nyeupe au nyeusi, na inastahimili kelele kiasi gani bila kuchanika.

Mwepesi kuliko wote ni lejero, huyo anakimbiza noti kama hana mifupa kooni, kazi za mtunzi Rossini ni zake, Juan Diego Flórez wa Peru ni wa huko, na Levy Sekgapane wa Afrika Kusini aliyeshinda shindano la waimbaji wa opera la Operalia 2017 pia ni wa huko. Anafuata liriko, sauti ya mapenzi, wahusika kama Rodolfo wa La bohème, Nemorino wa L'elisir d'amore, Alfredo wa La traviata. Ukiruka mpaka mwisho wa upande mzito unamkuta dramatiko wa kuimba Otello ya mtunzi Verdi, na Wajerumani wana heldentenori wao, yaani tenori shujaa, kwa ajili ya opera za Wagner, watu kama Lauritz Melchior ambao wengine walianzia baritoni, ile sauti ya kati ya tenori na besi.

Spinto yuko katikati ya liriko na dramatiko na ndo maana anagombaniwa. Ana ule ulaini wa liriko wa kuimba mistari mirefu kwa utulivu, lakini muziki ukifika kileleni anaweza kuisukuma sauti ikapita juu ya okestra yote na bado ikabaki nzuri. Majukumu yake, yaani wahusika anaowaimba, ni kama Manrico wa Il trovatore, Cavaradossi wa Tosca, Andrea Chénier, Calaf, na Radames wa Aida. Na huyo Radames ndo mtihani wenyewe. Pazia halijafunguka hata dakika kumi, koo halijapata moto, tayari anatakiwa aimbe Celeste Aida, na mwishoni Verdi kaandika noti ya juu iimbwe polepole ikififia mpaka ipotee. Tenori wengi wanaipiga kwa nguvu zote na kuishikilia kwa sababu kuimba juu kwa sauti ndogo ni kugumu kuliko kupiga kelele. Franco Corelli, spinto wa Italia, kwenye rekodi yake ya 1967 anaianza kwa nguvu halafu anaipunguza taratibu mpaka inakwisha, na kwangu mimi ukitaka kujua spinto ni nini kabla hujasoma chochote sikiliza hapo tu, nguvu na ulaini kwenye pumzi moja.

Sasa kosa ninaloliona sana ni watu kupima aina ya tenori kwa urefu wa noti, eti anayefika juu zaidi ndo mkubwa. Hapana. Rodolfo ana C ya juu (noti ya juu sana kwa tenori) kwenye wimbo wake Che gelida manina, Calaf naye ana C anayoweza kuchagua kuiimba kwenye kitendo cha pili baada ya yale mafumbo matatu, noti ni ileile. Tofauti ni kwamba Rodolfo anaimba chumbani na msichana, okestra imetulia inamsubiri, wakati Calaf nyuma yake kuna kwaya, mbele yake kuna Turandot ambaye naye ni soprano wa kutikisa ukuta, na okestra ya Puccini haimhurumii mtu. Liriko anaweza kabisa kuifikia hiyo C asisikike. Na ndo maana Nessun dorma peke yake haithibitishi kitu, ni dakika tatu tu, hata ile noti maarufu ya juu kule mwishoni Puccini aliiandika fupi sana, kuivuta ni mazoea ya waimbaji. Pavarotti aliirekodi Turandot nzima 1972 akaja kuiimba stejini San Francisco 1977, na rekodi ile ni tamu ajabu siwezi kuikana, ila studio ni studio.

Kinachoifanya sauti ipite okestra si ukubwa wake, ni ule ukali unaong'aa ambao Waitaliano wanauita squillo. Watafiti wa sauti wameupima, mwimbaji aliyefunzwa vizuri anarundika nguvu karibu na herzi 3,000 (herzi ni kipimo cha sauti kuwa juu au chini), wakati okestra nguvu yake kubwa iko chini huko kwenye herzi 500 hivi, kwa hiyo anapenya pale ambapo vinanda na tarumbeta hazijajaza. Ni kama mnadi wa mitumba asiye na spika, soko zima linapiga kelele na wewe unamsikia yeye. Maiki inafuta jambo hilo lote. Ukiweka maiki karibu na mdomo liriko anageuka spinto na spinto anageuka dramatiko, halafu fundi anapandisha kidogo, basi mtu anasikiliza kwa hedifoni nyumbani anatoa hukumu. Mimi nasema hukumu ya uzito wa sauti inatolewa ukumbini, au angalau kwenye rekodi ya laivu ambapo okestra haijashushwa, kama Corelli na soprano Birgit Nilsson kwenye Turandot ya Metropolitan 1961.

Ubishi huu una uchungu ndani yake kwa sababu mwimbaji akikosea kundi anaumia. Giuseppe Di Stefano alikuwa na liriko tamu kuliko karibu wote, akajitupa kwenye majukumu mazito, na miaka 50 haijatimia sauti imeshachakaa. Tenori mwenzake Alfredo Kraus alikataa kata kata kutoka kwenye kazi nyepesi, na akiwa amevuka miaka 60 bado noti za juu zilikuwa safi. Halafu anakuja Domingo anaharibu hesabu, alipoimba Otello Hamburg 1975 wapo waliosema anajimaliza, akaendelea kuiimba zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo kanuni ipo ila koo la kila mtu lina siri zake.

Na La Scala, jumba la opera la Milano, ndo hawasamehi. Desemba 2006 Roberto Alagna, kwa asili liriko, aliimba Radames pale, usiku wa pili akamaliza Celeste Aida na watu wa viti vya juu wakamzomea, akageuka akatoka stejini. Muziki haukusimama, Antonello Palombi akasukumwa mbele ya watu akiwa na nguo zake za kawaida akaendelea kuimba. Mpaka leo kuna wanaosema jukumu lilimzidi uzito, na wanaosema alizomewa kwa chuki tu maana walikuwa wameshamkamia. Mimi nadhani Radames kweli si kazi yake ya kuzaliwa nayo, lakini mtu hazomewi kwa kuwa liriko, anazomewa kwa kuimba vibaya, na usiku ule hakuimba vibaya kiasi hicho.