Je, kung'oa magego ili kupanga meno kunabonyeza uso?

Shangazi mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara, alishika tama alipoambiwa kwamba binti wa kaka yake atang'olewa magego madogo manne, yale yanayofuata chonge, kabla ya kufungwa waya. "Manne? Mazima? Mwanangu, unataka mashavu ya kibogoyo hata hujaolewa?"

Hofu yake ina chanzo. Mtaani haikosi bibi ambaye mashavu yamezama na midomo imeingia ndani. Lakini kilichomfikisha hapo ni mapengo kuachwa wazi miaka mingi. Mfupa unaoshika mzizi wa jino huishi kwa kazi. Jino likitoka, mfupa ule huanza kulika, na nyama iliyo juu yake inakosa pa kuegemea. Kwa mwenye waya pengo halikai. Meno jirani huvutwa humo taratibu, kama milimita 1 kwa mwezi: mfupa unalika upande jino linakoelekea na kujengwa upya linakotoka. Mashavu yenyewe yamebebwa na mfupa wake, misuli na mafuta, wala si gego dogo.

Kinachoweza kubadilika ni midomo. Imelalia meno ya mbele kama kanga iliyoanikwa juu ya ua: ua ukirudi nyuma, kanga nayo inarudi. Ila hairudi yote. Mdomo wa juu kwa kawaida hufuata kama nusu hadi theluthi mbili ya mwendo wa meno, na mdomo mnene hufuata pungufu ya hapo.

Sasa piga hesabu. Gego dogo lina upana wa karibu milimita 7, hivyo kung'oa moja kila upande kunatoa nafasi ya milimita 14 kwa taya moja. Binti yetu meno yalikuwa yamebanana, chonge zake mbili zimeota juu kabisa kwenye ufizi. Nafasi karibu yote iliishia kuzishusha chonge na kuzipanga, meno ya mbele yakabaki yalipokuwa. Mwingine ana meno yaliyonyooka ila yamechomoza. Nafasi ileile inatumika kuyarudisha ndani, na hapo midomo hutulia kweli. Magego manne yaleyale, sura mbili tofauti.

Kutong'oa nako kuna bei yake. Msongamano mdogo hutatuliwa kwa kutanua safu au kupunguza kidogo ubavuni mwa meno. Ukiwa mkubwa, meno yakilazimishwa kukaa yote husukumwa mbele, na mtu anakaza kidevu kila anapofunga mdomo. Jambo hili liliwagombanisha wakubwa wa fani. Nchini Marekani, Edward Angle alishikilia kwamba meno yote yabaki, akabishiwa na Calvin Case mwaka 1911. Baadaye Charles Tweed, mwanafunzi wa Angle mwenyewe, aliwarudia wagonjwa wake waliotoka na midomo iliyochomoza, akawang'oa magego madogo manne na kuwapanga upya.

Kuna jingine ambalo mimi naliona zito kuliko ugomvi huo. Upo mstari wa kupimia sura, kutoka ncha ya pua hadi kidevuni, na midomo inatakiwa ikae nyuma yake. Mstari huo ulitokana na nyuso za Wazungu. Midomo yetu kuuvuka si ugonjwa. Huku kwa Wamakonde bibi zetu walivaa ndonya, kipande cha mti cha pambo, kwenye mdomo wa juu ili uonekane zaidi, si upungue! Kwa hiyo kabla ya kukubali ganzi, muulize daktari meno ya mbele yatarudi milimita ngapi, na kwa nini. Swali hilo lina maana kuliko "mtang'oa au hamtang'oi?"

Shangazi bado humgeuza binti uso huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akitafuta mashavu yaliyozama. Hajayaona. Malalamiko ya binti ni mengine kabisa: korosho za kukaanga zinabandua waya, basi msimu huu wote anazitwanga kwenye kinu ndipo ale.