Nyuzi joto 1000 huko juu, na bado ungetetemeka

Dar es Salaam mwezi wa Februari, nyuzi joto 33 tu zinatosha kumtoa mtu kitandani akalale sakafuni chini ya feni. Ndege ikipaa kutoka Uwanja wa Julius Nyerere na kufika kilomita 10 juu, hewa ya nje imeshashuka hadi zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Hapo hakuna wa kushangaa, maana kila aliyesikia habari za Kilimanjaro anajua kuwa juu kuna baridi. Kinachowachanganya watu ni kwamba kuanzia kilomita 90 hivi mambo yanageuka. Linaanza tabaka linaloitwa thamosfia, na humo jotoridi hupanda hadi kati ya nyuzi 500 na 2000 za selsiasi, kutegemea Jua limechachamaa kiasi gani. Halafu mwalimu anamalizia kwamba ukiwa huko ungehisi baridi, kengele inalia, kipindi kimekwisha.

Jotoridi hupima jinsi chembe za hewa zinavyokwenda mbio, kwa wastani, kila moja kwa nafasi yake. Halisemi chembe ziko ngapi. Joto linalokufikia mwilini linahitaji vyote viwili: chembe ziwe na mbio, na ziwe nyingi za kukugonga. Mtazame fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anapokata bomba kwa grenda. Cheche zinazomrukia mikononi zina zaidi ya nyuzi 1000, naye anaendelea na soga zake. Mmwagie kikombe cha chai ya nyuzi 90 uone. Cheche ni ya moto kweli, ila ni punje ndogo mno, haina joto la kutosha kumuunguza.

Sasa tuhesabu chembe. Hapa pwani, sentimita moja ya ujazo wa hewa ina molekuli kama bilioni 25 mara bilioni moja. Kwenye kimo cha kilomita 400, ambako Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka, ujazo huohuo una chembe milioni mia hivi, nyingi zikiwa atomu za oksijeni. Kila atomu inapita kwa zaidi ya kilomita moja kwa sekunde, lakini ni chache kiasi kwamba joto lote ambalo zingempa mtu aliyetulia halifiki hata sehemu ya mia ya wati kwa kila mita ya mraba ya ngozi. Na ngozi hiyohiyo, kwa mnururisho peke yake, yaani kutoa joto kwa njia ya miale, inapoteza wati mia kadhaa. Unatoa mia kadhaa, unapewa karibu na bure. Kipimajoto cha kawaida kikiwekwa kivulini kingefilisika vivyo hivyo, na kingesoma chini kabisa ya sifuri.

Hata hivyo, kusema tu kwamba “kuna baridi” ni kueleza nusu. Hewa ya huko haikupashi wala haikupozi. Anayeamua ni Jua. Upande wa Kituo unaopigwa na Jua unaweza kufika nyuzi 120 hivi, na ulio kivulini ukashuka hadi nyuzi 150 na zaidi chini ya sifuri, wakati hewa inayouzunguka ni ileile. Wanaanga wanaotoka nje huvaa, ndani ya suti zao, nguo yenye mirija ya maji ya kupoza mwili, kwa sababu pasipo na hewa ya kubeba joto la mwili, joto hilo hukwama ndani ya suti.

Jotoridi hilo lenyewe linatokana na mionzi mikali ya Jua, urujuanimno wa mbali na eksirei, ambayo chembe hizo chache huinyonya kabla haijatufikia. Kwa kuwa ni chache, kila moja hupata mgawo mkubwa. Tena atomu za oksijeni ni hafifu katika kurudisha joto angani, hivyo sehemu kubwa hushuka taratibu mpaka kimo ambako kuna kabonidayoksaidi ya kutosha kulitupa nje.

Kipimajoto hakifai huko, ndiyo maana takwimu hizi hupatikana kwa njia nyingine, ikiwemo kuangalia setilaiti zinavyopunguzwa mwendo na hewa. Thamosfia ikipashwa zaidi hutanuka, hewa ya chini inapanda, na setilaiti zinakwaruzana nayo. Kituo cha Marekani cha Skylab kilikwisha hivyo: Jua lilichachamaa kuliko walivyotarajia, mzingo wake ukashuka mwaka hadi mwaka, na Julai 1979 kikaanguka, vipande vikitawanyika katika Bahari ya Hindi na magharibi mwa Australia. Atomu zisizoweza kukupasha kidole ziliangusha chombo cha tani zaidi ya 70, kwa kukigonga bila kukoma kwa miaka sita.