Poti ya USB kwenye paneli ya ndege ndogo: ninayoyasikia kila mara, na ukweli wake

“Fundi, hii ni chaja tu.” Kisha inafuata nyingine hapohapo: “Mbona kwenye gari inafanya kazi?” Mimi ni fundi wa umeme na redio za ndege hapa uwanja wa Moi, Mombasa, na tangu marubani wahamie kwenye tableti, maneno hayo mawili nayasikia kuliko mengine yote. Nimechoka kuyajibu mtu mmojammoja kando ya bawa. Mwenye Cessna 172, 182 au 206, au Piper ya zamani, anayetaka poti ya USB kwenye paneli, na asome haya kabla hajaninunulia kifaa cha kufunga.

“Ikichaji, basi ni nzima.”

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu anayeisema amepima kitu kisichokuwa na tatizo. Simu ikionyesha kwamba inachaji, umethibitisha kuwa kuna volti 5 kwenye kebo, basi. Hujajua lolote kuhusu redio, na ndani ya ndege swali ni la redio.

Kila poti ya USB ina kigeuza umeme ndani yake. Kinapokea volti 14 au 28 za ndege na kuzishusha, na kinafanya hivyo kwa kuukata na kuuwasha umeme mara laki kadhaa kwa sekunde. Vingine mara milioni moja au mbili. Kila mkato unazaa kelele ya redio, tena si kwenye masafa hayo peke yake bali kwenye vizidisho vyake, mara mbili, mara tatu, mara hamsini, hadi inaingia kwenye 118 mpaka 137 MHz tunamozungumza na mnara. Chini kidogo tu ya hapo, 108 hadi 118, ndiko zilipo VOR, mtambo wa ardhini unaoonyesha uelekeo, na lokalaiza ya ILS, inayokuongoza kwenye mstari wa ranwei. Na kama ndege yako bado ina ADF, ile redio ya zamani ambayo sindano yake huelekea kituo, huko hata vizidisho havihitajiki: ADF husikiliza kati ya 190 na 1750 kHz, palepale kigeuza kinapofanyia kazi. Kelele hiyo husafiri kwa njia mbili. Inarudi nyuma kwenye nyaya za umeme wa ndege, na inaruka hewani kupitia kebo ya kuchajia, ambayo kwa urefu wake wa mita moja ni antena iliyokamilika.

Chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege huizuia kelele hiyo kwa koili na kapasita za kuchuja pale umeme unapoingilia na unapotokea, na kwa kasha la chuma. Za bei ya chini nimezifungua nyingi. Kwenye kibao chake cha saketi, pale umeme unapoingia, utaona nafasi ya koili imechorwa kabisa, alama yake imechapishwa kwa rangi nyeupe, lakini koili yenyewe hawakuiweka. Wamelaza kipande cha waya tu, umeme upite. Kasha ni plastiki tupu. Aliyesanifu kibao alijua kinachohitajika, aliyekitengeneza akaona apunguze gharama.

Kwenye gari huoni tatizo kwa sababu unasikiliza FM, tena kituo chenye mtambo wa nguvu uliopo papa hapa mjini. Redio ya ndege ni AM. Kelele inaingia moja kwa moja kwenye sauti.

Halafu kuna wale wanaonijibu, “Lakini fundi, redio iko kimya kabisa, hakuna hata mkwaruzo.” Kimya hicho ndicho ninachokihofia. Skwelchi, yaani kile kizibo cha sauti kinachonyamazisha redio pasipo na mawimbi, kwenye redio nyingi za kisasa hupima kelele iliyopo na kufunguka pale tu mawimbi yanapoizidi kwa kiasi fulani. Kelele ikipanda, na kizingiti kinapanda nayo. Ukiwa karibu na mnara sauti inapenya, kwa hiyo unakwenda Ukunda na kurudi, kila kitu shwari. Siku nyingine unaelekea Lamu, uko futi 1,500 juu ya delta ya Tana, na ndege inayokuja upande wako inatangaza ilipo. Skwelchi haifunguki. Hukusikia kelele yoyote, wala hukusikia ile ndege.

Jaribio ni rahisi na unaweza kulifanya mwenyewe. Itoe ndege nje, mbali na taa za LED za hanga, maana nazo zina kelele zake. Injini ikiwa imezimwa, washa masta, yaani swichi kuu ya umeme, na redio, kisha ifungue skwelchi kabisa mpaka usikie ule mvumo wa kawaida. Sasa chomeka tableti ambayo betri yake iko chini, asilimia 20 hivi. Ikiwa imejaa haivuti umeme wa maana, na jaribio linakuwa la bure. Sikiliza kwenye 118, kwenye 127 na kwenye 136, ukichomeka na kuchomoa. Mvumo ukibadilika, ukipanda, au ukisikia mluzi, hiyo poti haifai. Rudia injini ikiwa inanguruma, rudia poti zote mbili zikiwa na mzigo, na utazame sindano ya VOR na ya ADF. Mimi simrudishii mtu ndege kabla sijalifanya, hata kama kifaa ni cha bei ghali na kina kila cheti.

“Imeandikwa 12–24V, kwa hiyo ndege yangu inaiweza.”

Hiyo 24 ni ya betri ikiwa imelala. Alterneta ya ndege ya volti 24 ikifanya kazi, unapata 28 na ushee, na kidhibiti cha volti kikileta matatizo zinaweza kupanda hadi 32 kabla kinga ya volti kuzidi haijakata. Kapasita ya kuingilia kwenye chaja ya gari mara nyingi imeandikwa 35V, zingine 25V. Nafasi iliyobaki ni finyu mno. Nyingi zitafanya kazi miezi mingi bila shida, sikatai. Ninachoangalia ni namna zinavyokufa. Ile swichi ya ndani ya kigeuza ikiungua, mara nyingi hugandana na kubaki imeunganishwa, na volti 28 zinapita zote hadi kwenye kebo iliyotengenezewa 5. Upande wa pili wa kebo kuna betri ya lithiamu, imelala mapajani mwako. Chaja ya ndege ina kinga ya kuzuia hilo. Ya gari usiitegemee.

Jua pia ndege yako ni ya volti ngapi, usikisie. Cessna 172 za mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni za volti 14, za mwaka 1978 kuja huku ni 28. Cessna 150 ni 14, Cessna 152 ni 28. Nunua poti inayokubali kuanzia 10 hadi 32 na hilo litakuwa limekwisha.

“Ina TSO, kwa hiyo nifungie leo niruke kesho.”

TSO ni idhini ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na TSO-C71 ndicho kiwango chake ambacho vigeuza umeme vya aina hii hutengenezwa kwacho. Ni kitu kizuri na ninakipendelea, lakini idhini hiyo ni ya kutengeneza kifaa. Kukifunga kwenye ndege yenye usajili wa Kenya, 5Y, ni jambo jingine, lenye utaratibu wake chini ya KCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga: fundi mwenye leseni, data iliyokubaliwa, hesabu ya mzigo wa umeme, orodha ya vifaa irekebishwe, logibuku iandikwe. Mzee mmoja aliniambia ndege ni yake na paneli ni yake. Ni kweli, mzee wangu, lakini cheti cha kuruka si chako peke yako, na bima watakisoma hicho kabla hawajasoma madai yako.

Muuzaji akikwambia kifaa kimepimwa DO-160, kile kiwango cha majaribio ya vifaa vya ndege, usiishie hapo. Muulize sehemu ya 21, ile ya kelele za redio, kimepita kwenye kundi gani. Kundi B ndilo legevu kuliko yote. M limekusudiwa vifaa vinavyokaa kwenye chumba cha rubani au cha abiria, na H ni kali zaidi, kwa vifaa vinavyotazamana na antena moja kwa moja. Ndege ndogo ni madirisha matupu, na antena ziko juu ya kichwa chako, kwa hiyo chini ya M mimi sifungi. Muuzaji asiyejua kujibu swali hili hana anachokuuzia isipokuwa kibandiko.

“Nipe yenye wati nyingi zaidi.”

Ya nini? Tableti ikiwa na mwanga wote hula wati 8 hadi 12. Poti ya volti 5 na ampea 3 inatoa 15, inatosha na kubaki. Ukitaka poti mbili za wati 60 kila moja, piga hesabu: wati 120 zinatoka, na kigeuza kinapoteza kama asilimia kumi, kwa hiyo ndege inatoa wati 133. Kwenye volti 28 hiyo ni karibu ampea 4.8. Kwenye volti 14 ni 9.5, katika ndege ambayo alterneta yake yote huenda ni ya ampea 60, na mwongozo wa FAA unataka mzigo wa kudumu usizidi asilimia 80 ya hapo pale usipokuwa na njia ya kuufuatilia. Zile wati 13 zinazopotea nazo zinageuka joto nyuma ya paneli, ndege ikiwa imeshinda juani hapa kwetu mwezi wa pili. Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Kuichaji kwa kasi juani ndiyo njia ya haraka ya kuifanya ijizime ukiwa unaikaribia ranwei. Kama kweli unabeba laptopu, sawa, tuzungumze. Kama ni tableti na simu, chukua ndogo.

Kinyume chake kuna wanaoogopa kwamba poti yenye ampea nyingi itaiunguza simu. Haiiunguzi. Simu huvuta inachotaka, na kwenye USB-C ya kisasa hakuna volti zaidi ya 5 mpaka kifaa chenyewe kiombe.

“Brika italinda tableti yangu.” Brika, ile swichi inayokata umeme ukizidi, inalinda waya. Geji ni unene wa waya, namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi: waya wa geji 22 unawekewa brika ya ampea 5, wa geji 20 unawekewa 7.5, na mtu asiniambie niongeze brika kwa sababu “inaruka ruka”. Na waya uwe wa ndege. Ule wa gari una ganda la PVC, ambalo likiungua linatoa moshi wa sumu ndani ya kibanda ambacho huwezi kutoka.

Wengine wanataka poti iunganishwe moja kwa moja kwenye betri ili wachaji simu ndege ikiwa imeegeshwa. Kataa. Poti inayovuta miliampea 20 tu bila kitu kuchomekwa inamaliza ampea-saa 10 ndani ya wiki tatu, na betri ya volti 24 ya ndege ndogo mara nyingi ina 11 hivi. Mimi huiweka kwenye basi isiyo ya lazima, yaani njia ya umeme inayolisha vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka bila hivyo, na swichi yake mwenyewe pale rubani anapofikia bila kuinama. Swichi hiyo ndiyo ninayoisisitiza kuliko kitu kingine chochote. Siku redio inakuletea wasiwasi, unaizima poti kwa kidole kimoja na unajua mara moja kama ndiyo yenye makosa.

Mahali pa kuifunga, watu wengi wananionyesha upande wa kushoto chini, karibu na mkono. Hapo kebo inakatiza mbele ya usukani, na nimeshaziona zimejizungusha kwenye shafti yake. Lile shimo la zamani la kiberiti cha sigara, katikati chini, mara nyingi ndilo bora. Kaa mbali na dira, na baada ya kufunga tuikague dira mzigo ukiwa umewashwa. Chagua poti yenye kifuniko, kwa sababu chumvi ya bahari hapa inakula vile vidole vya shaba haraka.

Mwisho ni kebo. Kebo nyembamba ya mita moja yenye nyaya za geji 28, kwa ampea 2, inapoteza karibu volti 0.85 njiani, halafu mtu anarudi kuniambia poti ni mbovu. Ya geji 24 inapoteza kama 0.34. Ukileta ndege, njoo na tableti unayorukia nayo na kebo utakayoitumia kweli, na uiache betri ya tableti ishuke kabla hujafika.