Do ya nani? Mwalimu wa bendi anavyosumbuka peke yake

Ngoja nianze na aibu. Mwaka juzi shule tatu za hapa Dodoma mjini tuliombwa kuunganisha bendi zetu tupige wimbo wa Taifa kwenye sherehe moja, na sisi walimu tukaona kazi ndogo, si kila shule inaupiga paredi kila Jumatatu? Mimi nikaandika nota, nikapiga kopi steshenari, nikawagawia wenzangu, tukakubaliana tukutane siku yenyewe asubuhi tupashe mara mbili basi.

Mara ya kwanza nilidhani kuna mtoto kawahi kuanza. Mara ya pili nikajua hapana, wote wameanza sawa, wanamaliza sawa, ila ni kama nyimbo mbili zinatembea njia moja zimekunjana mashati. Wageni walishaanza kukaa kwenye viti, na mimi jasho linanitoka, na Dodoma saa mbili ya asubuhi mwezi wa saba kuna baridi jamani.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mstaafu wa bendi ya jeshi, anayesaidia kufundisha shule mojawapo. Nikamwambia shikamoo mzee hapa nimekwama. Akaitikia marahaba, akachukua karatasi yangu, akaweka kidole kwenye nota moja tu, ile do inayokaa nafasi ya tatu ya mistari, akaita watoto wawili wa tarumbeta, mmoja mmoja, akawaambia "nipigie hii". Wa kwanza hakubonyeza vali yoyote (vile vitufe vitatu vya juu ya tarumbeta). Wa pili akabonyeza vali ya kwanza. Karatasi ile ile, nota ile ile, tarumbeta za aina moja, na sauti zimepishana toni nzima, kama kutoka do mpaka re. Mzee akanirudishia karatasi akaniuliza, "Mwalimu, hii do yako ni do ya nani?"

Sasa kwa wasiojua niwaeleze. Tarumbeta nyingi tunazopewa mashuleni ni za "Si bemoli", yaani ile nota Si ikiwa imeshushwa nusu toni. Maana yake mtoto akiona do akapiga bila kubonyeza kitu, kwenye kinanda sauti hiyo ni "Si bemoli", toni moja chini. Bendi za jeshi na polisi zimezoea hivo, na nota zao zinaandikwa zikijua hivo, yaani mwandishi anaipandisha nota toni moja kwenye karatasi ili sauti itoke panapotakiwa. Lakini kuna njia nyingine kabisa, ya matarumbeta ya kanisani, asili yake Ujerumani, ambako vikundi vya kanisa vinasoma nota kama inavyolia kwenye kinanda, kwa sababu vinatumia kitabu kimoja na waimbaji. Mtoto aliyekulia njia hiyo akiona do anatafuta do halisi, na kwenye tarumbeta yake iko vali ya kwanza. Hakosei! Hata yule mwenzake hakosei. Aliyekosea ni mimi niliyewapa wote karatasi moja bila kuuliza wamefundishwa wapi.

Siku ile mzee aliwaambia watoto wa njia ya kanisani wageuze karatasi chini, akawapa nota ya kuanzia kwa mdomo, wakaumalizia wimbo kwa sikio. Ukapita. Ila mimi sikulala.

Kilichoniuma sio kosa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na miaka sita kazini na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu ambacho mzee alikieleza kwa dakika tano. Na angeniambia nani? Mwalimu wa hesabu akikwama anavuka korido anamkuta mwenzake, shuleni wako watatu au wanne, alafu wana na chama chao cha somo, CHAHITA (Chama cha Hisabati Tanzania), cha miaka mingi. Mwalimu wa bendi yuko mmoja, na mara nyingi ni mwalimu wa jiografia au Kiswahili ambaye mkuu wa shule aligundua anapiga kinanda kanisani akamwambia ticha chukua na hii stoo ya matarumbeta. Ndio hadithi yangu mimi. Kwa hiyo tunapokutana wawili, kila mmoja kagundua upya kitu ambacho mwenzake alishakigundua, na kila mmoja kashaua vyombo kadhaa njiani.

Ndio tukaanza kukutana, walimu wachache wa mjini na wengine wanatoka Chamwino, Bahi, mmoja anakuja na basi kutoka Kongwa. Na hapa ndio nataka niseme langu, maana kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mvutano. Kuna wenzangu wanataka chama chetu cha walimu wa bendi kisajiliwe haraka, Wizara ya Mambo ya Ndani, katiba, mwenyekiti, mweka hazina, tisheti, na jambo la kwanza la chama liwe mashindano ya bendi na kombe. Mimi usajili sina ugomvi nao, utakuja. Mashindano ndio nayapinga, angalau kwa sasa. Ukiniletea kombe kabla hatujakubaliana do ni ipi, unachoshindanisha ni nani alipata vyombo vizuri na nani alipata mzee mstaafu.

Tuangalie wenzetu walianzaje. Marekani, ambako bendi za shule ni kitu kikubwa mno, kuna mkutano wa walimu wa bendi unaofanyika Chicago tangu 1946, na jina lake mpaka leo ni kliniki. Ulianza kama sehemu ya walimu kukaa, kusikiliza na kupitia nota mpya wajue zipi zinawafaa watoto wao. Na kule nota za bendi za shule zinauzwa zimepangwa kwa gredi, yaani ngazi za ugumu, mara nyingi 1 mpaka 6, kwa hiyo mwalimu mpya habahatishi, bendi ya mwaka wa kwanza anajua pa kuanzia. Sisi mtoto ana miezi mitatu na tarumbeta tunampa wimbo wa harusi wenye nota za juu mpaka midomo inavimba.

Kliniki yetu ya kwanza ilikuwa chini ya mti, vyombo vimepangwa kwenye turubai. Nusu nzima ya siku iliishia kwenye vali. Vumbi la Dodoma mnalijua, upepo wa kipupwe ukianza linaingia hata kwenye sukari, sasa fikiria chombo ambacho vali yake inapanda na kushuka kwenye nafasi ndogo kuliko unene wa karatasi. Vumbi likiingia linasaga. Mwenzetu mmoja alikuwa anapaka mafuta ya kula!! Yanaganda yanakuwa gundi. Mwingine anatumia ya cherehani, ambayo kwa dharura sio mabaya sana ila ni mazito kidogo. Tukafungua vali moja moja, tukaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukafuta na kitambaa kisichotoa nyuzi, tukarudisha kila moja kwenye namba yake (zimeandikwa 1, 2, 3, ukichanganya hewa haipiti). Midomo ya tarumbeta (kile kikombe cha kupulizia) iliyonasa tulipata minne, yote ilikuwa na alama za koleo la fundi baiskeli. Kuna kifaa maalum cha kung'oa mdomo, kimoja kinatosha mkoa mzima, sasa hicho ndicho chama kinunue kwa ada ya kwanza, sio tisheti.

Joto nalo. Unatyuni watoto saa moja asubuhi kuna nyuzi 18, wanakuja kupiga saa saba jua limefika 32. Sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya joto, kwa hiyo vyombo vyote vya kupuliza vinapanda sauti, hesabu kavu inakaribia nusu ya nusu toni, ingawa pumzi ya mpigaji inapunguza tofauti kidogo. Kinanda cha umeme hakijui jua wala kivuli, kinabaki pale pale. Basi tyuni tena dakika chache kabla ya kupiga, vuta slaidi kubwa, lile bomba linalovutika, nje kidogo. Dakika mbili.

Alafu kuna jambo tuliloacha halijaisha, na mimi ndio linalonivutia kuliko yote. Mwalimu wa Chamwino alisema watoto wake wa Kigogo wakipuliza tarumbeta bila vali, kuna nota moja ya juu wanaipenda wanaing'ang'ania, sisi wengine tunawaambia inashuka. Ni ile sauti ya saba katika ngazi ya asili ya bomba, yaani sauti ambazo bomba linatoa lenyewe bila vali, kweli iko chini ukilinganisha na kinanda, karibu theluthi ya nusu toni. Lakini uimbaji wa Kigogo wenyewe umejengwa juu ya ngazi hiyo hiyo ya asili, sikiliza ilimba (kinanda cha vidole gumba) na zeze za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, utaisikia waziwazi. Kwa hiyo mtoto haimbi ovyo, ana sikio la nyumbani kwao. Mzee wetu wa jeshi hakukubali, akasema bendi ni bendi, paredi haina Kigogo, mwalimu wa Chamwino akamwambia mzee na wewe si Mgogo wa Mpwapwa? Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Tukutane tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, pale pale chini ya mti. Kila mtu aje na tarumbeta moja mbovu na karatasi ya wimbo wa Taifa anayotumia shuleni kwake, na juu kwenye kona aandike kwa penseli, do yake ni ya nani.